Mfumo Mpya wa Daftari la Makaburi

Kompyuta ya nyumbani kwetu ni ya baba, na baba hapendi mtu asahau hilo. Aliinunua siku ofisi moja ya mjini ilipouza vyombo vyake vya zamani, akaileta kwetu Dilala, hapa Kolwezi, nyuma ya lori lake katikati ya magunia ya unga, akaiweka sebuleni na kuifunika kwa kitambaa alichofuma marehemu mama. Wakati ule alikuwa bado anasafirisha mizigo. Mgongo ulipomkataza barabara aliuza lori, akabaki na kompyuta, na jamaa wa msikitini wakampa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeigombea: ukatibu wa kamati ya maziko.

Sisi ni Waislamu ambao babu zetu walikuja huku Kolwezi na biashara kutoka Maniema. Makaburi yetu hayaandikwi majina. Ni tuta la udongo na jiwe moja upande wa kichwa, basi. Misimu miwili ya mvua ikishapita, tuta limelala chini na jiwe limebaki jiwe kama mengine. Anayejua nani amelala wapi ni katibu, na yeye anajua kwa sababu ameandika. Daftari la karatasi alilorithi baba lilikuwa limeliwa na mchwa karibu nusu. Alipita nyumba kwa nyumba kuuliza, akaenda makaburini na kamba ya kupimia, kisha akaandika kila kitu upya kwenye kompyuta kwa vidole viwili. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Mule ndani kulikuwa na safu, namba, jina, mwaka, na jamaa wa kuitwa. Kulikuwa pia na vijana wachimbaji waliofukiwa mashimoni, ambao hakuna aliyejua jamaa zao ni nani. Hao baba aliwaandika kama wenzao walivyomsimulia: mrefu, wa Kindu, ana kovu mkono wa kushoto.

Kisha ikaja barua. Mgodi unaopakana na makaburi ulikuwa unapanuka, na upande wote wa chini wa makaburi ulitakiwa kuhamishwa. Kila kaburi lenye jina kwenye orodha lingehamishwa peke yake, jamaa wakiwepo, na kupewa mahali pake. Yasiyo na jina yangekusanywa katika kaburi moja la pamoja. Orodha ilitakiwa kujazwa katika programu ambayo tume ya uhamisho ilituletea kwenye flash, na kurudishwa Ijumaa saa tatu asubuhi bila nyongeza ya siku. Tulipoibonyeza programu hiyo, kompyuta ya baba ilitoa ujumbe mmoja tu: mfumo wako ni wa zamani, hauwezi.

Mfumo endeshi ule ulikuwa wa zamani kweli, hata waliouunda walikuwa wameshausahau. Mimi ni mwalimu, na kati ya masomo yangu kuna informatique, ambayo shuleni kwetu hufundishwa kwa chaki: nachora kibodi ubaoni, wanafunzi wanabonyeza madawati. Chekeni tu. Lakini nyumbani kwetu mimi ndiye fundi, na ulimi wangu hauna breki. Nilimwambia baba jambo ni jepesi, tunanakili daftari kwenye flash, naenda kulijaza kwenye kompyuta ya mwalimu mwenzangu, jioni nimerudi.

"Haitoke," baba alisema.

"Juu ya nini, baba?"

"Flash inaingia mu mufuko, mufuko inapanda taxi-moto. Kesho utasikia batu beko nagombania makaburi yenye haiko yabo."

Hakuwa anatia chumvi. Mahali pengine, katika uhamisho kama huo, orodha ilivuja, na wakatokea wajukuu wengi ajabu wa marehemu ambao maisha yao yote hawakuzaa, kwa kuwa kila jamaa alikuwa anafidiwa. Niliomba basi ninakili kwenye flash ibaki hapa hapa, ndani ya sanduku lake mwenyewe. Akasema flash ni kitu cha kupotea, yeye ameshapoteza tatu. Ningeweza kunakili kwa siri alipokwenda kuswali. Sikufanya hivyo, kwanza kwa heshima yake, na pili kwa majivuno yangu, maana sikuona kwa nini fundi kama mimi ahitaji nakala. Nikamwahidi kwamba nitabadilisha mfumo palepale sebuleni, faili zikiwa mahali pake, na hakuna hata herufi itakayopotea.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Hii ni amana ya batu, weye."

"Najua, baba."

Mabishano hayo yalichukua siku mbili, na tukajikuta Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimepata kwa mwenzangu flash yenye mfumo mpya. Shida iliyobaki ilikuwa umeme. Bwawa la Nzilo haliko mbali nasi, lakini umeme wake mwingi unapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini. Avenyu yetu imegawanyika: nyumba chache, yetu ikiwamo, ziko kwenye laini inayolisha pia hospitali, na zinapata umeme mara nyingi zaidi, zilizobaki hukaa siku nyingi gizani. Lile boksi la kushika umeme kwa dakika chache, onduleur, betri yake ilikuwa imekufa zamani, limebaki na kulia tu. Maana yake ilikuwa wazi, na nilimweleza baba ili asije kunilaumu: umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, mfumo wa zamani umeshavunjwa na mpya haujasimama, na daftari linaweza lisifunguke tena.

"Itachukua saa ngapi?"

"Tatu. Nne, kwa sababu ni ya zamani."

Alivuta kiti chake karibu, akashika tasbihi.

Nilianza saa nne kasoro robo. Nilizima friji, nikachomoa pasi, televisheni, chaja za simu na hata taa ya nje. Skrini ikawa ya buluu, katikati kuna kiduara kinachozunguka, chini yake maneno ya kutuomba tusizime kompyuta, na namba ya asilimia. Tatu. Nne. Ikakaa kwenye nne mpaka nikaanza kusikia jasho la mgongoni. Baba hakuangalia skrini, aliniangalia mimi.

"Imefika wapi?"

"Nne."

"Ilikuwa nne toka mbele."

"Baba, acha ifanye kazi yake."

"Mi naiacha. Nauliza tu."

Aliuliza tena kwenye saba, kwenye tisa na kwenye kumi na moja. Kwenye kumi na tisa tulisikia kilio. Kilitoka nyumba ya jirani yetu wa ukuta mmoja, sauti ya mwanamke mmoja kwanza, kisha nyingi. Mama wa pale alikuwa mgonjwa wiki nyingi, na hatukuhitaji kuuliza. Baba alisimama, akatamka maneno ya kumrejea Mungu, akatafuta kofia yake. Katibu wa maziko hawezi kuchelewa kwenye kifo cha jirani.

Mlangoni aligeuka. "Usiiache peke yake," alisema, akionyesha kompyuta kwa kidevu, akaondoka.

Nilibaki mimi na namba. Nilitaka kulia na sikuweza, kwa sababu jicho moja lilikuwa kwenye skrini. Yule mama ndiye aliyemwosha mama yangu. Siku mama alipokufa nilikuwa nimekaa chini jikoni, nimekufa ganzi, na yeye ndiye aliyevua vitenge vyake vizuri, akakunja mikono ya nguo, akaingia chumbani na kufunga mlango. Kati ya wanawake wa avenyu yetu kuna desturi ambayo sijui ilianza lini: aliyemwosha mama yako, siku yake ikifika, wewe ndiye wa kummiminia maji ya kwanza. Wengine watasugua, watapangusa, watatia kafuri. Lakini kopo la kwanza ni lako. Nilijua hivyo vizuri kabisa, na nilijua pia kwamba maziko yetu hayangoji. Wangetaka kumswalia adhuhuri.

Kwenye thelathini na nne mtu aligonga geti. Nilichungulia kwenye pazia. Alikuwa binti wa marehemu, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunasukana nywele kwenye ukuta huo huo. Ananiita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu nimemzidi miezi michache. Alikuwa peku, kitenge kimefungwa kifuani, macho mekundu, mkononi ameshika ncha ya waya mrefu wa umeme.

Nilijua anataka nini kabla hajafungua mdomo. Nyumba yao ina kisima cha pampu ambacho kaka yake alichimbisha, na avenyu nzima huchota pale bila kulipa chochote, sisi tukiwa wa kwanza. Mabomba ya mji, isipokuwa moja la chini kabisa, yalikuwa makavu tangu Jumatatu, na laini yao ilikuwa haina umeme. Kwetu sisi, nyumba yenye kilio ikikosa umeme, jirani aliye nao anapokea waya juu ya ukuta na kuuchomeka. Haombwi mara mbili, na hakuna anayeuliza kesho yake umekula kiasi gani. Nimeona watu wasiosalimiana wakipokezana waya ule.

Lakini nilikuwa naijua pia ile pampu. Ikiwashwa, taa zetu huinama, na mara moja, kwenye Idi, ilikata umeme wa nyumba yetu yote. Tulikaa saa nzima tukitafuta mtu wa kuurudisha. Kompyuta isingestahimili hata sekunde moja. Nilitoka hadi getini, nikalifungua kidogo, nikasimama kwenye nafasi ili asione ndani.

"Yaya," alisema, "mama ameenda."

Nilimkumbatia.

"Tunaomba courant kidogo, tupandishe mayi ya kumuosha. Kwenu iko?"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema: iko, lakini daftari la makaburi yote liko katikati ya kazi, nipe saa mbili. Maneno yalikuwepo. Ila niliona jinsi yatakavyosikika, mimi mwenye umeme namwambia mwenye maiti asubiri kompyuta, nikaona aibu. Niliona pia akikubali kwa mdomo na kaka zake wakija kuuliza ni kompyuta gani hiyo, na baba akiitwa, na baba, ninavyomjua, akisema chomekeni. Angesema chomekeni, na majina yote yale yangekwenda.

"Haiko," nilisema. "Imekatika sasa hivi."

Aliniangalia. Akatazama pembeni, upande wa ukuta, kisha akaanza kukunja waya wake taratibu, mzunguko juu ya mzunguko.

"Aya. Tutachota ku robinet ya kule chini."

"Pole, mudogo yangu."

"Utakuya, si ndio? Mama anakungojea."

"Nakuya."

Nilifunga geti, nikarudi ndani, nikavuta pazia lote. Thelathini na sita. Nilijiambia nimefanya vizuri. Nilijiambia walio kwenye daftari ni wengi na yeye ni mmoja, na kwamba wao hawana wa kuwasemea, ilhali yeye ana binti, ana kaka, ana avenyu nzima. Nilijieleza hivyo kwa ufasaha, kama ninavyoeleza darasani, kisha nikaanza upya tangu mwanzo.

Kwenye arobaini na tano niliona kupitia ufa wa pazia wanawake wanatoka. Walikwenda kwa mstari, kila mmoja na bidon, dumu la njano la maji, wakiteremka avenyu. Bomba la chini si karibu, na foleni yake ni ya kugombana. Rafiki yangu alikuwa katikati yao. Siku ya kifo cha mama yake, binti hachoti maji. Anakaa chini na watu wanamshika mikono. Yeye alikwenda, labda kwa sababu miguu ilikuwa haiwezi kutulia. Niliachia pazia.

Kwenye hamsini na mbili skrini ilizimika. Ikawa nyeusi kabisa, na mashine ikanyamaza, hata feni. Niliweka kiganja juu ya boksi la kompyuta nikaona bado lina joto, nikaanza kuomba kwa sauti, na sikuwa naomba kwa ajili ya marehemu. Nilimkumbusha Mungu juu ya wale vijana wa mashimoni, mmoja mmoja, kana kwamba yeye ndiye aliyesahau. Kisha kitu kikalia mara moja ndani ya boksi, nuru ikarudi, na maneno yakatokea kwamba kompyuta itajiwasha upya mara kadhaa. Nilitukana kwa Kifaransa, Kiswahili na lugha ya bibi yangu. Chaki haikuwa imenifundisha kwamba mashine itajizima yenyewe katikati.

Wakati wa adhuhuri adhana ilipita. Hakuna jeneza lililotoka. Nilikuwa nimesimama, nashindwa kukaa, namba ikiwa sitini na tisa. Taa za onduleur zilipepesa mara mbili, umeme ukashuka, skrini ikafifia, ukarudi. Nilikuwa nimeshika kibodi kwa mikono miwili, utadhani ningeuzuia umeme usitoke.

Geti likagongwa tena. Safari hii alikuwa shangazi wa rafiki yangu, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi.

"Mayi imepatikana," alisema kutoka nje, bila kungoja nifungue. "Banamama beko nakungojea weye."

"Waanze, mama. Nakuja sasa hivi."

"Tutaanza namna gani? Kopo ya kwanza ni yako."

"Dakika kidogo, mama. Kuna kitu hapa ndani siwezi kuacha."

Nilisikia ndala zake zikisogea kwenye changarawe, zikarudi kwao. Nilikuwa nimefikiri ninawanyima maji tu, na maji yalipatikana bila mimi. Kumbe kilichokuwa kinamchelewesha yule mama sasa ni mimi mwenyewe. Hapo nilikasirika kwa kweli. Niliikasirikia kamati, mgodi, baba na flash zake tatu alizopoteza, na rafiki yangu kwa kutolia kwa sauti pale getini ili moyo wangu ulainike. Hasira iliponiishia, namba ilikuwa themanini na moja, nami bado nimesimama palepale. Ningeweza kwenda. Umeme usingenihitaji mimi ili uwepo. Lakini nilikuwa nimeshadanganya kwa ajili ya kitu kile, na nilihisi nikikipa kisogo ndipo kitakapokufa.

Ilimalizika saa tisa kasoro dakika kumi. Skrini ilinikaribisha kwa Kifaransa, kwa rangi nzuri ambazo baba angezichukia. Nilifungua daftari. Lilikuwepo. Niliteremka mpaka mwisho, nikapanda mpaka mwanzo, safu zote ziko mahali pake. Niliweka flash ya tume, nikabonyeza, programu ikafunguka bila ugomvi. Furaha ilinipanda mpaka nikacheka peke yangu, mkono mdomoni, na nikiwa bado nacheka nikasikia jinsi nyumba ya pili ilivyokuwa kimya. Nilichukua kanga nikakimbia.

Walikuwa wamekaa nje ya chumba, migongo ukutani. Bidon zilikuwa zimepangwa, mabeseni yamejaa na kufunikwa, ubani umeshaungua na kuwa majivu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Shangazi alinipa kopo la plastiki lenye mkono, akafungua mlango, tukaingia wanne. Marehemu alikuwa amefunikwa shuka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilinuia, nikachota, nikamimina upande wa kulia kama nilivyoelekezwa. Maji mengine yalimwagika miguuni kwangu, na yalikuwa ya baridi. Rafiki yangu alikuwa upande wa pili, anapangusa bega la mama yake. Hakuinua macho hata mara moja. Nilidhani ni msiba.

Jeneza lilitoka baada ya alasiri. Wanaume walikwenda nalo. Sisi wanawake kwetu hatufiki kaburini, tulibaki mkekani. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama baba alirudi na udongo kwenye viatu, akanawa, akaketi mbele ya kompyuta na kuitazama muda mrefu.

"Hakuna yenye ilipotea?"

"Hakuna, baba."

Alinishika kichwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipovunja ungo. Kisha akasema tuandike kwanza wa leo. Alinisomea safu na namba, upande wa juu, ambao hautahamishwa. Akanitajia walioosha. "Na mwenye alimimina mayi ya kwanza," alisema, "andika jina yako." Niliandika. Baada ya hapo tuliingia kwenye orodha ya tume, yeye anasoma, mimi najaza, safu moja baada ya nyingine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuruhusiwa kusoma daftari lile neno kwa neno. Katika safu ya nne ya upande wa chini nilikutana na watoto wawili wa siku chache, na kwenye nafasi ya jamaa wa kuitwa palikuwa na jina la jirani yetu, yule yule niliyetoka kummiminia maji. Nilisimamisha vidole.

"Ni bake," baba alisema. "Mapacha. Mbele ya kuzaa ule rafiki yako. Endelea."

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi baba alipanda taxi-moto na flash ya tume ndani ya soksi, bila aibu yoyote. Alinipigia simu kwamba imepokelewa, majina yote yamesomeka. Nilikwenda nyumba ya jirani. Rafiki yangu alikuwa nje, peke yake, anafua nguo za mama yake kwa maji kidogo sana. Nilichuchumaa karibu naye. Usiku mzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yalikuwa yamekimbia.

"Jana courant ilikuwako," nilisema.

"Minajua." Alikamua kitenge, akakitandika kwenye goti. "Compteur yenu iko inje, ku mur ya avenue. Wakati nilikuya kukuomba, niliiona inazunguka."

Nimeishi kwenye nyumba ile tangu nizaliwe. Nilikuwa nimevuta pazia, nimezima taa ya nje, nimesimama kwenye nafasi ya geti, na mita yetu ilikuwa inazunguka mbele ya macho ya kila mwanamke aliyepita na bidon. Shangazi alikuwa anajua. Walionipa kopo walikuwa wanajua.

Nilimweleza yote: tume, saa tatu ya Ijumaa, programu iliyokataa, ahadi niliyompa baba, pampu na lile tukio la Idi. Nilimwambia kuhusu safu ya nne, namba kumi na mbili na namba kumi na tatu. Aliacha kufua.

"Batoto ya mama bamo?"

"Bamo. Utaitwa siku ya kuwahamisha. Watakuwa na mahali pao, wawili, pamoja."

Alilia hapo, kimya kimya, machozi yakidondokea kwenye sabuni. Nilidhani sasa nimesamehewa, nikanyoosha mkono nimshike. Aliuondoa polepole, bila hasira yoyote.

"Ungeniambia kweli, yaya," alisema, "ningebeba bidon yangu na roho safi. Mara moja tu ndio mutu anaosha mama yake. Mi nilikuwa namuosha mama, na mu kichwa nilikuwa nawaza weye tu."

Maji ya kufulia yalikuwa yamekwisha kwenye beseni. Niliokota bidon mbili tupu zilizokuwa mlangoni, nikateremka nazo avenyu kwenda kwenye foleni.